Barua ya wazi kwa mjomba: mfinyanzi, kichuguu na Mungu wa Wahindu

Shikamoo mjomba,

Ile sauti uliyoituma kwenye kundi la ukoo nimeisikiliza hadi mwisho. Umesema Wahindu wana mahekalu, wana udi na kengele, wana masanamu ya kila umbo, ila hoja ya kuonyesha kwamba Mungu yupo hawana. Hiyo, ukasema, tuwaachie watu wa Kitabu. Binamu zangu wakakupongeza. Mimi nilinyamaza, maana jibu lake ni refu na lile kundi halivumilii maneno yanayopita mistari mitatu. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wasemao hivyo si wewe peke yako, na kwa sababu wewe ndiye uliyetufundisha, tungali wadogo, kwamba mshitakiwa husikilizwa kwanza ndipo ahukumiwe.

Suala la masanamu naliweka kando. Kwa kupita tu nikukumbushe kwamba Arya Samaj, jumuiya ya kidini ambayo ipo Nairobi tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ni Wahindu na hawatumii sanamu katika ibada. Tubaki kwenye hoja.

Mtu ninayetaka umjue anaitwa Udayana. Aliishi Mithila, kaskazini mwa Bihar ya leo, kwenye mwaka 1000 hivi. Yaani alitangulia kuzaliwa kwa Imamu Ghazali kwa miaka kama hamsini au zaidi kidogo. Alikuwa wa chuo cha Nyaya, watu wa mantiki, ambao swali lao la kwanza juu ya jambo lolote ni: umejuaje? Kitabu chake kinaitwa Nyayakusumanjali, yaani konzi ya maua ya hoja, kama maua anayoyashika mtu anapokwenda kutoa sadaka hekaluni. Kina sura tano. Sura nne za mwanzo anazimaliza akijibu wapinzani, mmoja baada ya mwingine, na hoja zake mwenyewe za kuthibitisha anazipanga kwenye sura ya tano. Na pale mwanzoni kabisa anasema kitu ambacho ungekipenda: kila watu wana jina lao la kumtaja yule aliye juu, hata mafundi wanamheshimu kama Vishvakarma, mjenzi wa vyote, sasa wa kumtilia shaka ni nani? Kisha anajijibu: huku kumjadili kwa hoja kwenyewe ni ibada, ni kumtafakari baada ya kumsikia katika maandiko.

Hoja yake maarufu zaidi nitakueleza kwa utaratibu wao wenyewe, kwa sababu utaratibu ndio utamu wake. Mtu wa Nyaya akitaka kukuthibitishia jambo hupita hatua tano. Mlima ule una moto. Kwa nini? Kwa sababu una moshi. Kila penye moshi pana moto, kama jikoni. Na mlima ule una moshi wa namna hiyo hiyo. Basi mlima una moto. Mfano wa jikoni si pambo. Bila mfano ambao wewe na mpinzani wako mnaukubali, hoja haisimami. Na mara nyingi huongezwa mfano wa kinyume: ziwani hakuna moto, na moshi nao haupo.

Sasa fuata. Ardhi, milima na miche inayochipua vina mtengenezaji. Kwa sababu ni vitu vilivyotokea, si vya tangu na tangu. Kila kilichotokea kina mtengenezaji, kama chungu. Mfinyanzi ni nani? Ni yule anayeujua udongo wake, anayetaka chungu kiwe, na anayetia jitihada kikawa. Vitu vitatu: ujuzi, nia, jitihada. Ardhi nayo imeunganishwa kwa vipande, na kilichoungwa kwa vipande hakikuwa cha milele. Basi yupo aliyeijua malighafi ya ardhi mpaka chembe ya mwisho, akataka, akafanya. Na anayezijua chembe zote hawezi kuwa mfinyanzi wa mtaani.

Najua hapa utasema: hii si ndiyo yetu? Inafanana, lakini angalia inapoachana. Masheikh wa ilmu kalam, yaani elimu ya kuitetea itikadi kwa hoja, uliotusomesha wanasema ulimwengu wote ulikuwa na mwanzo, na chenye mwanzo kina mwenye kukianzisha. Udayana hasemi hivyo. Kwake ulimwengu huumbwa na kuvunjwa, huumbwa na kuvunjwa, mzunguko usio na mwanzo. Chembe ndogo kabisa hazikuumbwa na mtu. Roho hazikuumbwa. Ishvara, Mola wao, hatoi kitu kutoka pasipo kitu. Anaunganisha chembe mbilimbili, kisha hizo kuwa kubwa zaidi, hadi ardhi na bahari. Anaanzisha, anashikilia isianguke, anavunja, anaanza tena. Utaniambia huyo si muumba, ni fundi. Nakubali ni lawama nzito, na mimi mwenyewe naiona. Lakini fundi huyo ana faida moja katika mjadala: hadai mpinzani akubali jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, yaani kitu kutokea bila malighafi.

Wapinzani walikuwa nani? Hapa ndipo nilipotaka kukufikisha, mjomba, maana ndipo ile sauti yako ilipokosea zaidi. Hoja za Wahindu hazikupikwa kwa ajili ya kuwatisha wapagani wa mbali. Zilipigwa msasa na majirani waliokuwa wakali kuliko mtu yeyote utakayekutana naye leo.

Wa kwanza ni Dharmakirti, Mbuddha wa karne ya 7. Aliichukua ile hoja ya mfinyanzi, ambayo watu wa Nyaya walikuwa nayo hata kabla ya Udayana, akaipiga kwa kichuguu. Kwamba, mfinyanzi hutengeneza kitu kwa udongo, sivyo? Basi kama kila chenye umbo la udongo ni kazi ya mfinyanzi kwa kuwa chungu ni kazi yake, na kichuguu nacho ni kazi ya mfinyanzi! Wewe na mimi tumekulia penye vichuguu vinavyompita mtu kimo, vina matundu na vyumba ndani, na hakuna fundi aliyevichora. Dharmakirti hasemi tu kwamba mfano ni mbaya. Anasema neno "umbo" linabeba vitu viwili tofauti. Kuna umbo ambalo tumeona kwa macho kwamba likiwepo yupo fundi, na kuna umbo la jina tu. Ukiviunganisha kwa sababu vinaitwa jina moja, ni sawa na kuona kitu chochote cheupe-kijivu ukasema pale pana moto, kwa kuwa moshi nao una rangi hiyo.

Watu wa Nyaya hawakukimbia. Walimjibu: ukisema dalili ifanye kazi kwa vile tu ulivyokwisha kuviona, umeua dalili zote. Hata moto wa mlimani hujauona. Umeona wa jikoni. Mlima ndio unaokuambia moto huu ni mkubwa wa namna gani, na ardhi ndiyo inayokuambia mtengenezaji wake ni wa namna gani. Na miche inayochipua yenyewe msituni? Huwezi kuileta kama ushahidi dhidi yetu, wanasema, kwa sababu ndiyo yenyewe inayobishaniwa. Na mwili je, mfinyanzi si ana mikono? Wakajibu kwa swali: roho yako inapouinua mkono wako, inatumia mkono gani mwingine kuuinua?

Jibu hilo la mwisho ni zuri, mjomba. Lile la miche halinishibishi. Na halikumshibisha Ratnakirti, Mbuddha wa chuo kikuu cha Vikramashila katika karne ya 11, aliyeandika kitabu kizima cha kuivunja hoja hii, akiirudia kwanza kwa upande wa Nyaya kwa ukamilifu kiasi kwamba baadhi ya wasomi huenda kwake kujifunza Nyaya yenyewe ilisemaje. Kero yake ni rahisi kuieleza: kanuni "kila kilichotokea kina mtengenezaji mwenye akili" umeipata wapi? Umeipata kwa vyungu, nguo na nyumba. Lakini majani na miti, ambavyo ni vingi kuliko vyungu vyote vya dunia, umevitoa nje ya hesabu ukisema vinabishaniwa. Ukitoa nje kila kinachokupinga, kanuni yoyote itakuwa kweli.

Wapo waliosema kwamba Wabuddha si Wahindu, kwa hiyo upinzani wao hauhesabiki. Sawa. Basi msikilize Kumarila, wa karne ya 7 vilevile, Mbrahmani wa chuo cha Mimamsa, mtetezi mkubwa wa Veda, maandiko matakatifu ya Wahindu, na dhabihu zake. Huyu ni mtu wa dini mpaka kwenye mifupa, na alikataa kabisa kwamba yupo aliyeumba ulimwengu. Anauliza: hapo mwanzo pasipokuwa na kitu, huyo muumba alikaa wapi? Shahidi alikuwa nani, wa kuja kuwasimulia waliozaliwa baadaye? Ukisema kasema mwenyewe, Kumarila anajibu kwamba mtu anaweza kusema ameumba hata kama hakuumba, ili aonyeshe ukuu wake. Aliumba kwa nini? Hata mpumbavu hafanyi jambo bila kusudi. Kwa huruma? Alimhurumia nani, na viumbe walikuwa bado? Na kama ni huruma, mbona hakuumba raha tupu?

Nilipoyasoma haya mara ya kwanza nilidhani nimekosea kitabu. Mtu wa madhabahu, anayeamka alfajiri kwa ibada, anauliza maswali ambayo sisi hudhani yaliletwa na vijana wa intaneti. Sababu yake ni kwamba kwake Veda haina mtunzi. Ni ya milele, na ndiyo maana haina kosa, kwa kuwa kosa hutoka kwa mtunzi. Na dhabihu iliyofanywa sawasawa huleta matunda yake yenyewe, kwa nguvu isiyoonekana inayobaki baada ya moto kuzimika. Mungu wa kugawa malipo hahitajiki.

Hilo la malipo ndilo lililowarudisha uwanjani watu wa Nyaya, na watu wa Vedanta, chuo kingine cha Kihindu, pamoja nao. Matendo ya mtu, wema na ubaya, hubaki kama akiba isiyoonekana mpaka yazae. Lakini akiba hiyo haina akili. Itajuaje kwamba huyu azaliwe kwa tajiri na yule apate homa Jumanne? Kitu kisicho na akili hakiendi penyewe. Shoka halikati bila mkono. Kwa hiyo yupo msimamizi. Shankara, wa karne ya 8 hivi, alipoulizwa kama msimamizi huyo si dhalimu kwa kuwapa wengine shida, alijibu kwa mvua: mvua ni moja, mpunga na shayiri vinatofautiana kwa mbegu zao. Mungu ni mvua, mbegu ni matendo yako. Hoja hii ina nguvu kwa anayekubali kuzaliwa upya tu. Wewe hukubaliani na jambo hilo, wala mimi, kwa hiyo sitaifanya ndefu.

Kuna nyingine ambayo ningetamani tuikae barazani usiku kucha. Mtoto hujifunza vipi lugha? Mfano wanaoutumia ni huu: mzee anamwambia kijana, "Lete ng'ombe." Kijana anakwenda, anarudi na ng'ombe. Kisha mzee anasema, "Mfunge ng'ombe, lete farasi." Mtoto amekaa pembeni, hakuna anayemfundisha, anatazama tu, na taratibu anang'amua neno lipi ni la mnyama yupi. Sawa, lakini ulimwengu unapoanza upya baada ya kuvunjwa, na hakuna mzee wala kijana aliyewahi kusikia neno, wa kwanza anajifunza kwa nani? Udayana anajibu kwamba Mungu mwenyewe huvaa miili miwili, mmoja wa mwenye kuagiza na mmoja wa mwenye kuagizwa, akawachezea wale wa kwanza mchezo huo wakajifunza. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Surat al-Baqara si inasema Adam alifundishwa majina yote?

Kwenye sura ya tano ipo hata hoja ya hesabu, kwamba chembe mbili zikiungana ukubwa wao unatokana na ile "mbili", na "mbili" haipo bila akili inayohesabu. Sasa kabla ya binadamu nani alihesabu? Inanipita kidogo, nitakuachia wewe.

Na kama unaogopa miungu mingi, soma maelezo ya kale ya Yogasutra, kitabu cha yoga cha Patanjali, yale yanayonasibishwa kwa Vyasa. Anasema wangekuwepo mabwana wawili walio sawa, mmoja akataka kitu hiki kiwe kipya na mwenzake akataka kile kile kiwe kikuukuu, mmoja atashinda na mwingine atapungukiwa, na aliyepungukiwa si Mola. Sikuhitaji kukufungulia Surat al-Anbiyaa, aya ya 22. Unaijua kwa moyo.

Inasimuliwa kwamba Udayana, baada ya kuwashinda Wabuddha katika midahalo, alifika hekalu la Jagannath kule Puri akakuta milango imefungwa. Akasimama nje akamwambia Mungu wake: umelewa enzi yako unanidharau, lakini wakija Wabuddha, kuwepo kwako kunanitegemea mimi! Sijui mtu gani mwingine amewahi kumsemesha Mungu hivyo bila kuacha kumpenda.

Hata hivyo nikiulizwa nani alishinda kesi hii, sitamtaja Udayana. Nitamtaja Ramanuja wa Srirangam, kusini, katika nchi ya Watamil. Yeye kwa mapokeo alizaliwa 1017, na utu uzima wake ulikwenda sambamba na maisha ya Ghazali. Kama kuna mtu aliyempenda Vishnu, Mola wake, katika historia ya India, ni huyu. Na ndiye aliyezikusanya dalili za mfinyanzi akazivunja mwenyewe, ndani ya ufafanuzi wake wa Brahmasutra, kitabu cha msingi cha Vedanta. Nani amekuambia ulimwengu ulitengenezwa kwa wakati mmoja? Nani amekuambia na mtu mmoja? Chungu kina mfinyanzi mmoja, lakini jumba la mfalme lina mafundi wengi, kwa nini dunia isiwe kama jumba? Na mafundi wote tuliowaona wana miili, wana upungufu. Ukimpima Mungu kwa mfinyanzi utapata mfinyanzi mkubwa, basi. Hitimisho lake ni kwamba Mungu hafikiwi kwa kukisia kutoka vyunguni. Anajulikana kwa maandiko yenyewe, na akili kazi yake ni kuyaelewa. Maneno hayo akiyasema mpinga dini yana maana moja. Akiyasema mtu aliyetumia umri wake wote katika ibada, yana uzito mwingine.

Na Ramanuja hayuko mbali na wewe. Sahajanand Swami, mwanzilishi wa madhehebu ya Kihindu ya Swaminarayan, aliandika Shikshapatri, kitabu cha maadili ya wafuasi wake, mwaka 1826 kule Gujarat, na humo amemtaja Ramanuja na ufafanuzi wake kama msingi wa mafundisho yao. Wafuasi wake wana mahekalu Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam. Wale majirani unaosema hawana hoja wana mwalimu aliyezijua hoja zote akazikataa kwa sababu alizozieleza.

Kitabu cha Udayana kinamalizika kwa dua. Anamwambia Mola wake kwamba wapo watu ambao mioyo yao imeoshwa kwa maji ya maandiko na ya hoja, tena na tena, na bado yeye hapati nafasi ndani yake. Mioyo hiyo ni ya jiwe. Lakini hata hao, anasema, kwa kule kukupinga kwa bidii wamekuwa wakikufikiria wewe tu, basi wakati ukifika, Mwingi wa huruma, uwaokoe nao. Hayo anayasema baada ya sura tano za kuwachapa.

Mjomba, nina ombi moja. Ukinijibu, usinijibu juu ya masanamu. Nijibu juu ya lile la Ramanuja, la jumba na mafundi wengi, kwa sababu likiivunja hoja ya Udayana sioni linaiachaje salama ile ya mpangilio wa ulimwengu unayoitumia wewe darasani. Andika hapa chini au nitumie sauti, hata ya nusu saa, nitaisikiliza. Na binamu nao waambie wasome kabla ya kupongeza.

Msalimie sana mkaza mjomba. Mwambie ile mbaazi ya nazi aliyoniahidi bado naidai.